Geti limehamia mbele, ukingo wa barabara bado uko juu: nianzie wapi?

*"Shikamoo Mhandisi. Naishi Tabata kwenye nyumba ya familia. Zamani geti letu lilikuwa upande wa uchochoro, lakini watu wamejenga wakaubana hadi gari haipiti. Mwaka huu tumebomoa kipande cha ukuta wa mbele na kuweka geti linalotazama barabara. Ni barabara ya mtaa, lami iliwekwa kabla ya sisi kuhamisha geti, na mbele yake kuna njia ya waenda kwa miguu na ukingo wa zege ulionyanyuka kama sentimita 15. IST yangu kila ikipanda inakwaruza chini. Fundi mmoja anasema atakata ukingo kwa grinda, kazi ya siku moja. Mwingine anasema tusiuguse, tumwage zege mbele yake liwe mteremko. Mwenyekiti wa mtaa anasema hana pingamizi kwa sababu hapo ni mbele ya nyumba yetu. Jirani wa upande wa chini ameanza kunung'unika kabla hata hatujaanza. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu, hivyo siwezi kuliacha hivi hivi. Nimsikilize nani?"*

Marahaba, mdogo wangu. Kati ya hao wote uliowataja, nakushauri umsikilize jirani anayenung'unika. Huenda hajui kulieleza kitaalamu, lakini kuna jambo amelihisi ambalo mafundi wako wawili hawajalitaja hata mara moja: maji. Kuingiza gari ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Ugumu uko kwenye kuingiza gari bila kuyafungulia maji ya mvua mlango wa kuingia kwako au kwake.

Tuanze na mwenyekiti, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Mbele ya nyumba yenu si kwenu. Kiwanja chenu kinaishia kwenye bikoni, yaani alama za mpaka, na kuanzia hapo hadi upande wa pili wa lami ni hifadhi ya barabara. Njia ya miguu, mtaro, ukingo na lami yenyewe viko mikononi mwa mamlaka ya barabara, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kuchimba, kujenga au kubadilisha kitu ndani ya hifadhi hiyo bila kibali cha maandishi. Barabara za mitaa kama yenu husimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa, mfano Morogoro, Nyerere, Mandela au Kilwa, ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na huko masharti ya kufungua njia mpya ya kuingilia ni magumu zaidi kwa sababu kila mlango mpya unaongeza mahali pa magari kugongana. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kukupa barua ya utambulisho, nayo utaihitaji. Hana mamlaka ya kuruhusu jiwe la ukingo ling'olewe. Nasema hivi bila kumdharau, kwani mara nyingi hata yeye hajaelezwa mpaka wa mamlaka yake unaishia wapi.

Sasa huo ukingo. Watu wengi huuona kama urembo, au kama kikwazo kilichowekwa ili magari yasipaki ovyo. Kuzuia magari ni sehemu ya kazi yake kweli, lakini zipo kazi mbili nyingine ambazo hazionekani. Ya kwanza ni kushikilia lami. Tabaka za kokoto na moramu zilizo chini ya lami zikishindiliwa hutaka kusukumika kuelekea pembeni, na lami isiyo na ukingo hufumuka kama mkeka uliokatwa upindo. Ya pili ni kuongoza maji. Ukichunguza utaona barabara yenu imeinamishwa kidogo kutoka katikati kwenda kando. Mvua ikinyesha, maji yanateremka hadi kwenye ukingo, yanagonga, yanageuka na kuufuata hadi kwenye tundu la kuyapeleka mtaroni. Ukitaka kuyaona haya kwa macho, toka nje mara tu mvua inapokatika. Utakuta kamstari ka mchanga mwembamba, vijiti na vifuniko vya chupa kameganda sentimita chache kutoka kwenye ukingo. Hiyo ndiyo njia ya maji. Pima upana wake, upige picha, kisha uihifadhi, maana mhandisi wa TARURA akija kukagua itamweleza mengi kuliko maneno yako na yangu.

Kwa picha hiyo, pendekezo la fundi wa pili linaanguka lenyewe. Zege analotaka kumwaga mbele ya ukingo litakaa hasa juu ya njia ya maji. Litakuwa bwawa dogo. Maji yatakayofika hapo yatafanya moja kati ya mawili: yatatuama upande wa juu wa geti lako na kupenya chini ya lami, na miezi michache baadaye utaona nyufa, halafu shimo, au yatalizunguka zege kwa kuingia katikati ya barabara, na yakishalipita hayatarudi yote kwenye ukingo. Yatatafuta geti lililo chini zaidi. Nadhani sasa unajua jirani ananung'unikia nini. Vimiteremko vya aina hii vimejaa katika mitaa ya Dar es Salaam, na wengine huchomeka kipande cha bomba chini yake wakiamini wametatua tatizo. Bomba hilo hujaa mchanga na chupa za maji kabla masika hayajafika nusu.

Fundi wa grinda naye anajua kukata, ila hajui anachokikata. Mawe ya ukingo hutengenezwa kiwandani au kwenye karakana yakiwa na umbo maalumu, kisha hupangwa juu ya zege na kushikiliwa kwa zege jingine nyuma. Ukikata sehemu ya juu unaondoa uso ule mgumu uliosawazishwa, na kokoto zinabaki wazi. Kilichobaki ni kipande chembamba, na grinda imeshakitikisa. Pembe ndizo huvunjika kwanza, pale tairi linapokanyaga kwa kona, halafu jiwe zima linaanza kucheza. Jiwe likicheza, lami iliyo pembeni yake nayo inafunguka. Wiki ya kwanza kazi ya siku moja itakuridhisha. Subiri masika yaikague.

Njia sahihi haina mkato: mawe yanang'olewa, kisha yanapangwa upya yakiwa chini. Kwa kawaida ukingo ulioshushwa kwa ajili ya gari hubakizwa sentimita mbili hadi tatu juu ya lami, hausawazishwi kabisa. Kajinyanyuo hako gari halikasikii sana, ila maji yanakatii. Kila upande wa sehemu iliyoshushwa linawekwa jiwe la mshazari linalotoka kwenye kimo cha chini kwenda kile cha kawaida, ili pasibaki pembe ya kukata tairi au kumwangusha mtu usiku. Sehemu iliyoshushwa iwe na upana wa geti lako na nyongeza kidogo kila upande, kwa sababu gari haliingii likiwa limenyooka. Linakata kona, na tairi la nyuma hupita ndani zaidi kuliko la mbele.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fundi anafungua matofali ya njia ya miguu, anafukua nyuma ya ukingo, anavunja zege la zamani kwa mtaimbo na kutoa mawe moja moja bila kuumiza lami. Akimaliza kusafisha anavuta kamba, anamwaga zege jipya la kitako, anapanga mawe akiyapima kwa pima maji, kisha anayapa zege la mgongo kwa nyuma. Hilo zege la mgongo ndilo mafundi hupenda kulipunja kwa sababu litafunikwa na hakuna atakayeliona. Simama hapo wakati linamwagwa. Baada ya hapo zege limwagiliwe maji kila siku, na gari lisipite kwa siku saba angalau. Zege la kawaida hupimwa nguvu yake kamili likiwa na siku 28, na ndani ya juma la kwanza huwa limefikia sehemu kubwa ya nguvu hiyo, lakini si yote. Boza la maji au lori la mchanga lisubiri mwezi uishe.

Halafu kuna njia ya miguu yenyewe, ambayo mafundi wako wote wawili wameisahau. Matofali yake yaliwekwa kwa ajili ya watu. Mara nyingi ni ya unene wa sentimita sita juu ya tabaka jepesi, na gari likipita hapo kila siku yatazama na kuacha michirizi miwili ya tairi inayojaa maji. Kipande cha mbele ya geti inabidi kifunguliwe, tabaka la chini liongezwe na kushindiliwa, ndipo yarudishwe matofali mazito zaidi, ya sentimita nane. Gharama nyingi iko hapa kuliko kwenye mawe ya ukingo. Fundi akikupa bei isiyotaja kushindilia, ujue amekupa bei ya nusu ya kazi.

Kuhusu kukwaruza: inama uangalie kovu kwenye gari. Likiwa chini ya bampa la mbele, mwanzo wa mpando ni mkali mno. Likiwa katikati ya tumbo, tatizo ni kilele, pale mpando unapoisha ghafla. Hesabu yake ni rahisi. Kupanda sentimita 15 ndani ya sentimita 60 ni mpando wa asilimia 25, na gari la chini litalalamika. Ukishusha ukingo ukabakiza sentimita mbili na nusu, zilizobaki ni kumi na mbili na nusu. Zikitawanywa kwenye mita moja na nusu unapata kama asilimia nane, na IST inapanda bila kelele. Ila hapo kuna mvutano, na nisikufiche. Njia ya miguu ikiwa nyembamba, mpando huo utaila yote, na mwenye mtoto mgongoni, muuza matunda mwenye mkokoteni au mtu wa kiti cha magurudumu anayepita kwenda zake atalazimika kutembea kwenye ubavu wa mlima. Kwa hiyo mpando mkali hubanwa karibu na ukingo, na upande wa ukutani huachwa kipande cha kutosha mtu kupita, kikiwa karibu sawa, mwinamo wa asilimia mbili tu wa kutolea maji. Pasipo nafasi ya vyote viwili, mpita njia ndiye wa kwanza, gari linafuata. Ofisi ya barabara inaweza kukutaka urudishe sehemu ya mpando ndani ya ukuta wako, na itakuwa na haki.

Mama yako anabadilisha mambo kidogo. Sentimita mbili na nusu, ambazo kwa gari si kitu, ni ukuta kwa magurudumu madogo ya mbele ya kiti. Litaje jambo hili waziwazi kwenye barua yako ya maombi. Mhandisi anaweza kukubali sehemu moja ndogo ishushwe hadi karibu sawa na lami na pembe yake iviringwe, mradi isiwe mahali maji yanapokusanyika. Usiliache lije kuwa wazo la dakika ya mwisho, fundi akiwa tayari ameshika mwiko.

Nafika kwenye jambo ambalo ningekuuliza kwanza kama tungekuwa tumesimama pamoja getini: uwanja wenu uko juu au chini ya lami? Nyumba nyingi za zamani za Tabata, Sinza, Magomeni na kwingineko zilijengwa wakati barabara ikiwa ya udongo. Lami ilipokuja na tabaka zake, barabara ikapanda na nyumba zikabaki shimoni. Kama na yenu ni hivyo, huo ukingo unaoulaani ndio uliokuwa unawakinga na maji ya mtaa mzima. Ukiushusha bila kufanya kitu kingine, mvua kubwa ya kwanza ya Aprili italala sebuleni kwenu.

Dawa ipo. Njia ya gari ipande kutoka kwenye ukingo hadi kwenye mstari wa geti, na hapo pawe kilele kilicho juu angalau sawa na ukingo wa zamani, kisha ndipo iteremke kuingia ndani. Nyuma ya kilele, kabla ya kufika barazani, weka mtaro mwembamba wenye wavu wa chuma ukatao upana wote wa njia, uyapeleke maji ya uwanjani kwenye shimo la kunyonya. Kilele hicho kikiwa kikali, tumbo la gari litagusa, kwa hiyo kiwe cha mviringo mrefu. Geti lako likifunguka kwa nje, au likiwa limeshafungwa chini sana, litabidi linyanyuliwe. Najua limewekwa juzi. Kulinyanyua ni nafuu kuliko kukausha magodoro kila masika. Na kwa kuwa tumegusa maji ya uwanjani, shimo la choo lisielekezwe kabisa kwenye mtaro wa barabara, hata kama mtaa mzima unasubiri mvua ili ufungulie.

Hukutaja mtaro wa wazi kati ya lami na ukuta wenu. Kama upo, kazi inabadilika. Usiweke kalavati la bomba jembamba kuliko mtaro wenyewe, kwani utakuwa umeukaba koo. Funika kwa slabu za nondo zilizokaa juu ya kuta za mtaro bila kupunguza nafasi ya maji, tena ziwe vipande vinavyoweza kunyanyuliwa kwa mikono ya watu wawili au watatu, zikiwa na vishikio. Slabu moja kubwa iliyomwagwa mahali pale pale inapendeza hadi siku takataka zitakapoziba chini yake na hakuna awezaye kufika.

Kuhusu kibali, nenda ofisi ya Meneja wa TARURA wa Wilaya ya Ilala ukiwa na barua ya maombi, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, nakala ya hati au leseni ya makazi, na mchoro wa mkono unaoonyesha geti, umbali wake kutoka makutano ya karibu, nguzo za umeme, tundu la maji na mahali mtaro ulipo. Ziambatanishe na picha. Waulize pia maswali mawili. La kwanza, je, mkandarasi aliyejenga barabara bado yuko kwenye kipindi cha kurekebisha kasoro? Kama bado, mtu mwingine akigusa ukingo anampa mkandarasi kisingizio cha kukataa kasoro yoyote itakayotokea hapo, na huenda wakataka yeye mwenyewe aifanye kazi kwa gharama yako. La pili, chini ya njia ya miguu kuna nini? Mabomba ya DAWASA ya kuingiza maji majumbani mara nyingi hayako mbali na uso wa ardhi, na siku hizi kuna nyaya za mkongo pia. Ukipangiwa ada, lipa kwa namba ya malipo ya serikali na utunze risiti. Hela ya mkononi haikupi kibali, hata aliyeipokea akikuandikia kikaratasi. Usishangae wakikuuliza pia kama halmashauri iliwapa kibali cha kubadilisha ukuta na geti. Hilo ni dawati jingine, na kama halikufanyika, lifuatilie sasa.

Wanaweza kukataa. Geti lililo karibu mno na makutano, kituo cha daladala au kivuko cha waenda kwa miguu, au lenye nguzo mbele yake, lina hatari ambayo fundi hawezi kuitibu. Hata pasipo kukataliwa, usiuache uchochoro ufe kimyakimya. Kama uko kwenye ramani ya mipango miji kama njia, waliojenga ndani yake ndio wavamizi, na nyumba zote zilizoufuata zina sababu ya kwenda pamoja kwa mtendaji wa kata na kwa maofisa ardhi. Sikuahidi kwamba itakuwa haraka. Lakini gari la wagonjwa na la zimamoto nayo yangepita hapo.

Wakati unasubiri, tumia rampu mbili za kubebeka, za chuma au za mpira mgumu, unazoweka ukiingia na kuondoa ukishapita. Ukiziacha usiku kucha zinakuwa zile zile za fundi wa pili. Mbao nazo zinafaa kwa muda mfupi, ila zikiloa zinateleza, na kwa kiti cha mama sizipendekezi bila mtu wa kushika.

Kwa nyumba iliyo sawa na barabara, isiyo na mtaro wa kina kirefu mbele, fundi mzuri chini ya maelekezo ya mhandisi wa TARURA anatosha. Mtafute mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, aje hapo kwa macho yake kama uwanja uko chini ya lami kwa zaidi ya shibiri moja, kama mtaro ni wa kina kirefu au kuta zake zimeanza kupasuka, kama ukuta wenu wa mbele unashikilia udongo, au kama tayari maji huingia kwa jirani hata kabla hamjagusa kitu. Kazi ikiwa kubwa kiasi cha kufungua mtaro, awe mkandarasi aliyesajiliwa na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Ziara moja ya mtu mwenye kipimo cha usawa wa ardhi itakuambia kama kilele cha getini kinawezekana au la, na jibu hilo ulipate kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Mkishaipata ruhusa, pangeni kazi kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa mbali. Siku ya kuanza mwite yule jirani. Mwonyeshe kamba ilipovutwa, kisha mwageni ndoo mbili tatu za maji upande wa juu wa geti kabla zege la mgongo halijawekwa, muone pamoja yanakokwenda. Yakielekea kwake, mawe bado yanaweza kusogezwa.